Tupeane uzoefu: Umewahi kukuta mshororo kamili katika maneno ya kawaida?

Wapenzi wa mashairi, habari zenu. Tangu nijue kuhesabu mizani, yaani silabi za mshororo (mstari wa shairi), sikio langu halitulii. Watu wakizungumza, nasikia vipande vya nane nane vikipita. Raha ninayotaka tuizungumze ni ile ya kukuta mshororo uliotimia mahali ambapo hakuna aliyekusudia kutunga.

Wangu ni huu. Mama aliacha kikaratasi: "Nimetoka mara moja, chakula kiko mezani." Hesabuni wenyewe, nane ukwapi (nusu ya kwanza) na nane utao (nusu ya pili). Sikuweza kukaa kula kabla ya kuukamilisha ubeti, kwa sauti yake yeye:

Nimetoka mara moja, chakula kiko mezani,
Nilikaa nikingoja, hukutokea njiani,
Kula, usilete hoja, vyombo virudishe ndani,
Jioni tuwe pamoja, tuzungumze nyumbani.

Aliporudi aliusoma kwa sauti, akaukunja, akautia pochini. Haya, leteni yenu.

Makofi Mawili:
Mleta uzi, umenigusa. Mimi nafundisha watoto wadogo, na mizani tunaihesabu kwa makofi. Siku ya "mtoto" huwa ya furaha, kwa sababu wanagundua kwamba ile "m" inajitegemea, ina kofi lake: m-to-to. Basi wakishaonja hilo wanataka kuipa kofi kila "m" wanayokutana nayo. Tukifika kwa "mbuzi" wanapiga matatu, halafu wanasita, sikio linakataa. Ni mbu-zi, mawili tu. Kisha nawapa "mbwa". Hapo "m" inarudi kujitegemea, maana neno ni fupi na mkazo lazima upate pa kukaa: m-bwa. Mbuzi mawili, mbwa mawili! Mtoto mmoja alitumia kipindi kizima kutafuta maneno mengine ya namna hiyo, akaja na "nchi" na "nge", peke yake, bila kuambiwa. Sijui furaha nyingine ya ualimu inayoizidi hiyo.

Kina cha Kati:
Uzoefu wangu ni wa ugomvi. Mimi na rafiki yangu tulikosana, hatusemezani. Nikamtumia ubeti wa kumlaumu. Akanijibu kwa vina vilevile, yaani silabi zilezile za kumalizia, kama desturi ya malumbano, kujibizana kwa mashairi, inavyotaka. Nikajibu, akajibu. Sasa ukitaka kumtukana mtu kwa kina cha "-zi" mwishoni na "-ka" katikati, unakaa chini unatafuta, na kila neno unalolipata unalipima. Hasira haina subira hiyo. Kufikia ubeti wa nne nilikuwa nasubiri jibu lake kwa hamu, nione atatokea wapi. Tulirudiana kabla malumbano hayajaisha, lakini tuliyamalizia hivyohivyo, kwa kuwa vina vilikuwa vitamu.

Bahari:
Kwangu ni utenzi, nao niliupata kwa kusikia. Bibi yangu alikuwa akighani jioni huku akifanya kazi zake. Mishororo mitatu inafanana mwisho, wa nne unarudi kwenye kina kimoja kinachotembea utenzi mzima, na hicho tulikisubiri sisi wajukuu. Ikifika "ya" tunaitikia kwa pamoja, hata maana hatuijui. Miaka baadaye nikausoma utenzi wa Mwana Kupona, wa 1858, mama akimwusia binti yake, na bahari yake, yaani kina hicho cha mshororo wa nne, ni "ya" hiyohiyo. Nilijikuta naitikia peke yangu chumbani.

Bila Mizani:
Naomba kutofautiana kidogo, kwa heshima. Mimi ni mtu wa shairi huru, lisilofungwa na vina wala mizani. Mjadala huu ulipamba moto tangu miaka ya 1970 na sitaumaliza leo. Ila raha yangu naipata pale mshororo unapokatika ghafla, neno moja likabaki peke yake kwenye mstari mzima. Vina vingenificha hilo.

Mleta uzi:
@Bila Mizani, karibu sana, ndugu. Neno moja mstarini nalo lina uzito wake, nakubali. Nisichokubali ni kwamba vina vinaficha. Mtu akijua kina kinakuja na bado akashtuka kilivyokuja, hapo mtunzi amefanya kazi. @Bahari, hiyo ya kuitikia kabla ya kujua maana nimeisoma nikaisoma tena. @Makofi Mawili, mpe mtoto huyo "nne" na "nta".

Mtafuta Utao:
Nimepita tu. Leo nimeambiwa dirishani, "Subiri hapo kidogo." Mizani nane, imetulia kabisa, na foleni ilikuwa ndefu, kwa hiyo nimepata muda wa kuipenda. Utao umenishinda mpaka nimefika nyumbani. Nataka uishie kwa "-ma". Nani ananisaidia?

Kina cha Kati:
Subiri hapo kidogo, usije ukanihama.