Kutoa vijiti vya rimoti ya droni kabla ya safari: kila mara, au unaichosha thredi (meno ya skrubu)?

kamera_tanga

Wakuu, salaam. Nina rimoti mbili: RC-N1 iliyokuja na droni ya DJI Mini 2, na TX16S ya kurushia FPV (droni unayoirusha kwa kutazama video ya kamera yake). Wiki ijayo kuna safari ya basi hadi Dar, boti kwenda Unguja, kisha kurudi kwa ndege ndogo. Begi ni la mgongoni la kawaida, si sanduku gumu.

Vijiti vya RC-N1 vinafunguka kwa mkono. Ni sawa kuvitoa kila safari, au thredi itaisha mapema? TX16S nayo inagoma: nikizungusha ncha ya juu haitoki, naona gimbali yenyewe (kile kitengo kinachoshika kijiti ndani ya rimoti) inataka kujipinda, nimeacha. Na uwanja wa ndege betri za rimoti zinahesabiwaje?

---

fundi_rimoti

Mkuu, kwa RC-N1 toa kila safari. Ila jua kwanza unalinda nini. Kijiti chenyewe ni kitu kidogo, kikipinda unaweka kingine, na boksi la Mini 2 lina jozi ya akiba ndani (wengi hawaijui, inabaki kwenye karatasi na kutupwa). Kilicho ghali ni kile kinachobaki ndani ya rimoti: shina ambalo kijiti kinaingia, springi zake na kihisi chake. Kijiti kikiwa kimesimama ni wenzo. Begi likibanwa na gunia kwenye buti la basi, nguvu yote inashuka kupitia kijiti hadi kwenye shina. Halikatiki siku hiyo. Linaanza tu kurudi katikati kwa uvivu, droni inasogea pembeni wakati hujagusa kitu, na mtu anahangaika na kompasi siku tatu.

Namna ya kutoa: zima rimoti. Shika kijiti chini kabisa, karibu na mwili wa rimoti, kwa kidole gumba na cha shahada. Zungusha kinyume cha saa kikiwa wima. Usikishike kichwani ukakilaza huku ukizungusha, kwa sababu kule kulaza ndiko kunakokula meno. Kikiwa kimekaza, kizungushie kipande cha glovu ya mpira upate mshiko. Plaizi hapana kabisa. Hata ukiifunika kitambaa, plaizi haikuambii umefika wapi, vidole vinakuambia. Kikishatoka, geuza rimoti uangalie upande wa chini: kando ya tundu la USB-C kuna nafasi mbili za kuhifadhia vijiti. Sukuma kila kimoja mpaka kikae.

Kuhusu thredi kuisha: kutoa hakuiui. Inakufa wakati wa kurudisha, mtu akiwa na haraka, jua kali, bwana harusi keshafika. Kijiti kinaanza mshazari, mtu anahisi ugumu, anaongeza nguvu. Fanya hivi: simamisha kijiti wima juu ya tundu bila kukisukuma. Kizungushe kwanza *kinyume* cha saa, polepole, mpaka uhisi "tik" ndogo na kijiti kishuke kidogo sana, kama unene wa kucha. Hapo meno ya kiume (yanayoingia) yameketi pale njia ya meno ya kike (yanayopokea) inapoanzia. Sasa geuza kufuata saa. Raundi ya kwanza inatakiwa iwe nyepesi kama kufunga chupa ya maji. Ikigoma, rudi nyuma uanze upya. Kikifika mwisho ongeza kidogo kwa vidole viwili, basi.

Kwenye DJI meno ya kiume yako kwenye kijiti, ya kike yako kwenye shina ndani. Ya kijiti yakifa unabadili kijiti. Ya ndani yakifa unafungua rimoti nzima na kubadili gimbali. Kwa hiyo kabla ya kurudisha, angalia meno ya kijiti. Ukiona mchanga, mswaki mkavu laini unatosha. Usipake grisi wala mafuta, yanakusanya vumbi na kulishusha ndani.

---

anga_juu

Vikilegea weka tone la Loctite ya bluu, havitoki tena hata kwenye bodaboda.

---

fundi_rimoti

@anga_juu hapana ndugu yangu. Kwanza hiyo gundi ni ya chuma kwa chuma, na kuna plastiki inazipasua nyufa ndogo ndogo ikizigusa. Pili tone likizidi linateremka ndani ya gimbali, na kule halitoki. Tatu, anayeuliza anataka vijiti vitoke, wewe unavifunga. Kijiti kinacholegea kila mara kina meno yaliyochoka. Weka kile cha akiba. Kama cha akiba nacho kinalegea, tatizo liko kwenye shina, na hapo ni kazi ya fundi.

---

rubani_fpv

Kwenye TX16S habari inageuka. Umefanya vizuri kuacha. Ncha ya juu imefungwa na nati iliyo chini yake, vinakabana. Ukizungusha ncha peke yake huku nati imekaza, nguvu inakwenda kwenye shina. Shika nati ya chini kwa vidole vya mkono mmoja isizunguke, kisha geuza ncha ya juu kinyume cha saa kwa mkono mwingine. Ikiachia tu, vyote viwili vinatoka kwa urahisi.

Lakini mimi nashauri usivitoe. Huku meno ya kiume yako kwenye shina la rimoti, na ncha ndiyo yenye meno ya kike, kinyume cha DJI. Ukitoa ncha, shina linabaki limechomoza na meno yake wazi. Umepunguza urefu wa wenzo, hujaondoa hatari, na sasa kikigongwa kinachoumia ni meno ya sehemu ghali. Juu ya hapo unapoteza urefu uliouzoea. Raundi moja tu ya tofauti kati ya kushoto na kulia, kidole kinajua. Ukilazimika kutoa, hesabu raundi tangu nati inapoachia, uandike.

Kinachofaa ni kinga ya gimbali. Kanuni ni moja tu: kinga ikalie *uso wa rimoti*, isikalie vijiti. Sponji iliyolazwa juu ya vijiti na kufungwa zipu haikingi chochote, yenyewe ndiyo inayosukuma. Pima urefu wa kijiti kutoka usoni mwa rimoti, ongeza sentimita moja, tafuta sponji ngumu ya unene huo (zile za kufungashia friji zinafaa, za godoro ni laini mno). Kata matundu mawili mapana kiasi kwamba kijiti hakigusi ukingo, kisha funika juu kwa kipande cha plastiki kigumu, hata mfuniko wa ndoo uliokatwa. Funga yote kwa mkanda wa velkro kuzunguka rimoti, usipite juu ya swichi.

Ukichapisha kwa printa ya 3D, tumia plastiki ya PETG au TPU. Ile ya PLA inaanza kulegea karibu na nyuzi 60, na gari lililofungwa juani Dar linafika huko kwenye dashibodi bila shida. Kinga ikilegea inakaa juu ya vijiti kama chapati.

Kwa anayetaka kununua rimoti ya safari: RadioMaster Pocket vijiti vyake vinatoka na vina mahali pa kuhifadhiwa kwenye rimoti yenyewe. Na Mavic Pro ile ya kwanza ya 2016, vijiti havitoki, msijaribu kuvizungusha. Ile inahitaji kinga tu.

---

surveya_254

Niongeze ya ndege. Hesabu ni saa za wati (Wh): mAh gawanya kwa 1000, zidisha kwa volti. RC-N1 ni 5200 mAh kwa 3.6 V, yaani 18.7 Wh. Betri ya Mini 2 ni 2250 mAh kwa 7.7 V, yaani 17.3 Wh. Pakiti ya FPV ya 6S (seli sita) 1300 mAh ni 22.2 V, karibu 28.9 Wh. Zote ziko chini ya 100 Wh, ambazo kwa kawaida hazihitaji idhini ya shirika la ndege, ingawa baadhi ya mashirika yana kikomo cha idadi, uliza mapema. Kati ya 100 na 160 Wh unahitaji idhini, na za akiba ni mbili tu.

Kanuni inayowakamata wengi: betri ya akiba na pawabenki haziendi begi la chini, ni za kabati (unabaki nazo ndani ya ndege). Betri iliyo ndani ya kifaa inaweza kwenda chini kifaa kikiwa kimezimwa kabisa na hakiwezi kuwashwa kwa bahati mbaya, ila kabati ndiyo salama. Sasa angalia TX16S: kama unatumia seli za 18650 kwenye trei, ukizitoa tu zimekuwa betri za akiba. Kila moja kwenye kikasha chake, au ncha zake zifunikwe kwa tepu ya umeme. Seli tupu ndani ya mfuko mmoja na vijiti vya alumini na funguo za nyumba, hiyo ni shoti inayosubiri.

Na kwa zile ndege ndogo: kabati ni dogo, mara nyingi mlangoni wanachukua begi lako kulipeleka chini. Panga betri za akiba na pawabenki kwenye mfuko mmoja unaochomoka haraka, ubaki nao mkononi. Usisubiri kuanza kupekua mbele ya foleni.

Kingine, vijiti viwe kwenye nafasi zake za rimoti, si kwenye kifuko kingine. Wakaguzi wakifungua begi wanatoa kila kitu kwenye trei, na kitu cha ukubwa wa punje ya harage hakirudi. Kibali cha droni ni hadithi nyingine (mamlaka ya anga: huku Kenya KCAA, kwenu Tanzania TCAA), kutoa vijiti hakumshawishi afisa yeyote kwamba hiyo si droni.

---

kamera_tanga

Asanteni sana wakuu. Nafasi moja ya kuhifadhia imelegea, kijiti kinadondoka nikitikisa rimoti. Na boti je, chumvi?

---

fundi_rimoti

Ya kulegea: mpira wa kufungia nywele uzungushe kwenye rimoti, upite juu ya nafasi zote mbili. Au weka vijiti kwenye kikopo kidogo cha dawa chenye pamba ndani visigongane, kikae mfuko uleule wa rimoti siku zote. Usibandike selotepu, gundi yake ikipata joto inahamia kwenye meno.

Ya boti: ukishatoa vijiti, matundu ya gimbali yako wazi. Funika uso wa rimoti kwa kitambaa cha miwani kilichokunjwa mara mbili, kisha mfuko wa plastiki wenye zipu. Vifuko vya silika (vile vya kunyonya unyevu) vinasaidia ndani ya huo mfuko uliofungwa. Ukivitupa kwenye begi lenye zipu ya kawaida vinakausha hewa ya Bahari ya Hindi, kazi ambayo havitaimaliza. Ukifika, kama kulikuwa na mrusho wa maji, futa meno ya vijiti kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa spiriti ya isopropili, yaache yakauke, ndipo urudishe. Usipulizie kitu chochote ndani ya tundu.

Baada ya kurudisha, kabla ya kuwasha droni: vuta kila kijiti juu kwa upole, kisha kizungushe duara kamili kikigusa ukingo wote. Kiachie kutoka pembe nne, kirudi katikati kila mara. Programu ikilalamika kwamba vijiti haviko katikati, zima droni, fungua DJI Fly, mipangilio, sehemu ya udhibiti, fanya kalibresheni ya rimoti (kuifundisha upya katikati na mwisho wa vijiti). Usifanye kalibresheni kama hakuna dalili. Kama kijiti kina kasoro ya kimakanika, kalibresheni inaificha tu kwa siku mbili.

---

rubani_fpv

TX16S: ingia menyu ya SYS, nenda ukurasa wa HARDWARE, chagua kalibresheni. Weka vijiti katikati, bonyeza, zungusha vyote hadi mwisho pamoja na vitufe vya kuzungusha na slaida, bonyeza tena. Kumbuka kijiti cha throto (cha nguvu ya mota) hakirudi chenyewe, kwa hiyo "katikati" unakiweka kwa jicho.

Na kijiti cha RC-N1 kikichomoka hewani, usianze kukitafuta chini. Achia vyote. Mini 2 itasimama hapo hapo ikiwa na GPS. Shikilia kitufe cha kurudi nyumbani mpaka rimoti ilie, halafu ndiyo uiname. FPV haina anasa hiyo. Ncha ikicheza hata kidogo, usirushe.

---

kamera_tanga

Nimefungua ncha ya TX16S kwa kushika nati, imeachia bila nguvu. Nimezirudisha kwa raundi zilezile, zinabaki hapo. Sponji ya friji nimeshapata, kijiti ni mm 26 toka usoni, nakata ya mm 36.

---

rubani_fpv

Sawa mkuu. Hakikisha tu antena imelazwa kabla ya kufunga velkro, isikae chini ya ukingo wa plastiki.