Kupanua jiko la nyumba ya zamani Buruburu, Nairobi: sinki likae wapi?

Mama Pacha: Hamjambo? Nyumba yetu ya ghorofa moja ilijengwa miaka ya 1970, na jiko ni jembamba kiasi kwamba watu wawili hawawezi kupishana. Tunakusudia kuliongeza kuelekea uani, tupate na meza ya watoto. Je, sinki lihamie ukuta mpya?

Fundi Mstaafu: Dada, liache karibu na bomba la majitaka lililopo, kwa kuwa ukilisogeza mbali utalazimika kuchimba sakafu ili bomba lipate mteremko, na hapo ndipo fedha huishia. Ukuta wa nyuma usiguswe kabla mhandisi hajaukagua, maana huenda ndio unaobeba sakafu ya juu. Idhini ya kaunti pia ni lazima.

Jirani wa Umoja: Mtungi wa gesi ukae nje, kwenye kizimba chenye matundu chini, kwani gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na hutuama.

Mama Pacha: Na dirisha la chumba cha kulia, litakalozibwa na jiko jipya, mwanga utaingia wapi?

Fundi Mstaafu: Weka bati angavu, linalopitisha mwanga, juu ya sehemu hiyo mpya, ingawa mvua ikinyesha hamtasikilizana.