Djembe: tone na slap zangu zinatoka sauti moja

Mgeni_wa_ngoma: Wakuu habari, najifunza djembe, ile ngoma ya Afrika Magharibi ya kupiga kwa mikono, kwenye kundi hapa London, tunapiga mdundo wa Guinea unaoitwa Kuku. Mwalimu akipiga nasikia besi, tone (pigo la wazi) na slap (pigo la mlio mkali) kila moja kivyake, mimi tone na slap ni zilezile, halafu kasi ikipanda napotea kabisa.

Babu_K: Punguza nguvu mkuu. Tone bana vidole, slap vilegeze vitawanyike kidogo, na mkono uruke juu hapohapo, ukiuacha kwenye ngozi unaua sauti.

MamaZuu: Usifuate djembe za wenzio, sikiliza dunun, ngoma zile za fimbo, hasa sangban, ile ya kati, ndo inabeba wimbo wenyewe, mi napenda sana hiyo ngoma! Sehemu yako ya mdundo iimbe kwanza mdomoni.

Mgeni_wa_ngoma: Asanteni, na vidole kuvimba?

Babu_K: Vua pete, pumzika.