Primula za Bibi, Jumamosi

Dada Mkubwa (1:10 asubuhi): Hamjambo nyote. Primula, yale maua ya Bibi, zimemaliza kuchanua, sasa ndio wakati wa kuzigawa. Jumamosi saa 1 asubuhi, bustanini kwa Bibi. Nani anakuja?

Dada Mkubwa (6:40 mchana): Watu tisa mmesoma. Nimeuliza jamani.

Kitinda: Nipo. Nije na nini?

Dada Mkubwa: Mboji ya majani, ndoo mbili. Primula hazijaguswa miaka 3, zimesongana, ndiyo maana maua yamekuwa haba. Tunang'oa, tunatenganisha kwa mkono, kila chipukizi libaki na mizizi yake. Tunapanda kwa nafasi ya sentimita 20 hivi. Kitovu cha majani kisifukiwe, kitaoza. Maji papo hapo.

Binamu: Kutenganisha, kama mlivyonitenganisha na ile baiskeli 😂

Kitinda: 😂😂 baiskeli tena!

Dada Mkubwa: Tuko kwenye primula.

Mjomba: Safari hii msizipeleke ukutani. Nilisema zinataka kivuli chepesi na udongo wenye unyevu, nikaulizwa najua nini. Zikanyauka zote.

Dada Mkubwa: Mjomba, hayo si yalishaisha?

Mjomba: Yaliisha kwenu.

Kaka (2:25 usiku): Ndio nasoma. Jioni nilipita kwa Bibi, nikagusa moja iliyolegea, ikatoka mkononi bila mizizi. Chini kuna mabuu meupe yamejikunja, kichwa cha kahawia.

Dada Mkubwa: Hayo ndiyo yanayokula mizizi! Okota yote, na udongo huo usihamishwe popote. Primula nyingine yamezifikia?

Binamu: Yamenawiri kuliko mimi 😂

Dada Mkubwa: Kaka, nijibu. Na nyingine?

Bibi: Wanangu nimesoma yote. Ile ya njano chini ya mti aliipanda babu yenu. Isiguswe mpaka nirudi. Na kuhusu ukuta, mjomba wenu alisema kweli, mkamdharau mbele ya watoto.

Dada Mkubwa (3:50 usiku): Tumesikia, Bibi. Mjomba, nisamehe. Mimi ndiye niliyezipeleka kule.

Mjomba: Haya, mwanangu.

Dada Mkubwa: Basi Jumamosi tuanze na za kando ya njia. Ya njano tunamsubiri Bibi.

Shangazi (asubuhi): Jumamosi hii au ijayo?

Kaka: Uma wa bustani mpini umevunjika. Na mabuu nimeyaona kando ya njia pia.

Dada Mkubwa: Mangapi? Nani ana uma mwingine?