Iliad ya Kiingereza: yenye vina au isiyo na vina, nianze na ipi?

mpenda_tenzi:
Wakuu habari zenu, naomba msaada. Nimeishika Iliad, ule utenzi wa Kigiriki cha kale wa Homer kuhusu vita vya Troy, kwa mara ya kwanza, nikaanza na tafsiri ya Alexander Pope maana ni ya bure mtandaoni, na mwanzoni niliipenda kweli kwa sababu kila mistari miwili ina kina chake na mimi masikio yangu yamezoea tenzi. Sasa nimefika kitabu cha 3 nimechoka, mtu anarushiwa mkuki lakini vina vinalia tu kama ngoma ya harusi. Nikafungua ya mfasiri mwingine, Lattimore, kule hakuna kina hata kimoja na mistari mirefuuu. Hivi Homer mwenyewe alitumia vina au la? Nani kati ya hawa ananidanganya?

babu_mizani:
Homer hana vina mkuu. Wagiriki wa kale walipima mstari kwa silabi ndefu na fupi, mapigo sita kila mstari, na sehemu nyingi fupi mbili zinaweza kubadilishwa na ndefu moja, ndo maana mstari mmoja una silabi 12 na mwingine unafika 17. Sisi kwenye utenzi tunahesabu mizani 8 kila kipande basi imeisha, kule wanapima muda sauti inavyovutwa. Kiingereza kinaenda kwa mkazo, hakina urefu wa aina hiyo, kwahiyo kila mfasiri lazima kuna kitu anapoteza, ni yeye kuchagua apoteze nini. Lattimore (1951) aliacha vina akabaki na mapigo sita na anakwenda na Homer mstari kwa mstari, ukitaka kulinganisha na Kigiriki hutapotea. Pope (1715 hadi 1720) alifuata mtindo wa enzi zake, mshairi Dryden alishaifanyia Aeneid, utenzi wa Kilatini wa Virgil, hivyo hivyo 1697. Inasimuliwa kwamba msomi Bentley alimwambia Pope shairi lako zuri ila usiliite Homer 😂

kijana_wa_troy:
Mnamuonea Pope bwana. Hiyo kazi usisome kimyakimya kurasa hamsini kwa mkupuo, soma kwa sauti ukurasa mmoja mmoja. Tena ungeanza na tafsiri ya Chapman ya 1611 ungelia, mstari wa silabi 14 na vina juu yake, ingawa mshairi Keats alipagawa nayo mpaka akaiandikia soneti (shairi la mistari 14) 1816. Tatizo halisi la Pope kwangu sio kina, ni kwamba wazo linafungwa kila baada ya mistari miwili wakati Homer sentensi yake inamwagikia mstari unaofuata bila breki.

dada_kofia:
Mimi napimaga tafsiri kwa sehemu moja tu, kitabu cha 6, pale Hector, shujaa wa Troy, anataka kumbeba mwanae, mtoto anaogopa manyoya ya kofia ya vita analia, wazazi wanacheka, baba anaivua anaiweka chini. Hapo maneno makubwa makubwa yanaua kila kitu. Emily Wilson (2023) hapo ananipata, mistari yake mifupi ya mapigo matano, Kiingereza cha kawaida. Ila ujue zile sifa zinazojirudia, Achilles mwepesi wa miguu n.k., yeye anazibadilisha badilisha, Lattimore anazirudia zilezile.

babu_mizani:
Na hapo ndo simuelewi Wilson. Sifa zile ni kama kiitikio, mtunzi anatunga kwa mdomo anazihitaji zijaze mstari, ukizibadilisha umeondoa alama ya kwamba hii kitu iliimbwa mbele ya watu.

dada_kofia:
Babu, kwa Kigiriki zilikuwa zinajaza mapigo, kwa Kiingereza hazijazi chochote zinabaki kurudia tu 😅

mpenda_tenzi:
Asanteni sana. Nimesoma hicho kitabu cha 6 kwa wote watatu usiku huu, kwa Pope ile kofia imekuwa kubwa kuliko mtoto. Naendelea na Wilson, Lattimore nitamweka pembeni wa kulinganishia. Ila ile hotuba ya Sarpedon, mpiganaji wa upande wa Troy, kitabu cha 12, kabla hawajavamia ukuta, hiyo namwachia Pope, vina pale vimekaa.