Kuzamisha kivuko chenye ndugu zako ili Hitler asipate maji mazito: ushujaa au mauaji?

Mpenda Sinema:
Wakuu, jana nimerudia The Heroes of Telemark, ile ya 1965 ya Kirk Douglas na Richard Harris. Kwa ambao hawajaiona: Norwe imekaliwa na Wajerumani, kiwanda cha Vemork kule Rjukan kinatoa maji mazito (maji yenye hidrojeni nzito kuliko ya kawaida), na Mjerumani anayataka kwa utafiti wa bomu. Vijana wanashuka na miamvuli, wanateleza kwenye theluji, wanaingia kiwandani usiku na kulipua. Hapo sina neno. Kilichoninyima usingizi ni mwisho. Mapipa yaliyobaki yanapakiwa kwenye kivuko cha ziwa Tinn yapelekwe Ujerumani, na humo humo wamo wanakijiji wanaokwenda zao. Wazalendo wanatega bomu wakijua. Kwenye filamu Kirk Douglas anapanda mwenyewe na kuwaokoa watoto. Kwenye historia hakuna shujaa aliyepanda kuokoa mtu. Tarehe 20 Februari 1944 walikufa raia 14 wa Norwe na Wajerumani 4. Je, ilikuwa halali?

Kipara Ngoto:
Halali. Kumi na nne kwa London nzima, hata muuza karanga anaijua hiyo hesabu. Uzi ufungwe.

Mtoto wa Ziwa:
Ufungwe na nani? Mimi wa Mwanza. Mei 1996 MV Bukoba inazama nilikuwa mtoto, nikashikwa mkono kwenda ufukweni kumtafuta shangazi. Watu waliozama usinihesabie kama chenji ya daladala.

Kipara Ngoto:
Pole sana ndugu, ila neno chenji umelileta wewe. Na Bukoba haikuwa vita.

Mtoto wa Ziwa:
Kwa hiyo maji ya vita yana ladha tofauti mdomoni mwa anayezama?

Mwalimu Mstaafu:
Vijana, tuanze na yaliyotangulia. Novemba 1942 Waingereza walituma makomando kwa ndege zisizo na injini. Zilianguka, na walionusurika wakauawa na Wajerumani. Februari 1943 wakaenda Wanorwe wenyewe, kiongozi wao Joachim Rønneberg, kijana wa miaka 23. Watu tisa, wakalipua mitungi ya maji mazito na kutoka bila kufyatua risasi hata moja! Kiwanda kikatengenezwa upya. Novemba 1943 Wamarekani wakaja na mabomu ya ndege, yakaua raia zaidi ya 20, na mitambo yenyewe ya chini ya jengo ikabaki karibu nzima. Kivuko ndicho kilikuwa mlango wa mwisho. Knut Haukelid, aliyetega lile bomu, aliuliza London kwanza kama kweli ni lazima. Akajibiwa aendelee. Wakachagua Jumapili kwa sababu abiria huwa wachache. Hawakuwa wanyama.

Jamaa wa Eastleigh:
Wazee, mimi niliona ile ya DJ. DJ alisema watu mia tatu walikufa na Kirk Douglas ametumwa na CIA. CIA ilianza 1947! Tangu hiyo siku siamini DJ hata akinisalimia.

Mtoto wa Ziwa:
Mwalimu, shikamoo. Lakini umeruka kipande. Mmoja wa wale waliokuwa kwenye siri mama yake alikuwa asafiri na kivuko siku hiyo. Hakuweza kumwambia, akamtilia dawa ya kuharisha kwenye chakula ili abaki nyumbani. Mama yake akapona. Mama wa jirani je?

Kipara Ngoto:
Mnaleta hisia. Wenzetu wanafanikiwa kwa sababu wanakaa, wanapima, wanaamua. Wao walikuwa na maji mazito na saa ya kengele iliyounganishwa na baruti. Sisi kwenye vita ya Maji Maji tulikuwa na maji ya mganga Kinjeketile na mabua ya mtama kichwani, tukamkimbilia Mjerumani yule yule mwenye bunduki ya rasharasha.

Binti Matumbi:
Nilikuwa nasoma kimya kimya, sasa umenitoa. Wewe Kipara, unajua Ngarambe kwa Kinjeketile ni wapi, au umeiona kwenye kitabu cha darasa la sita ukageuza ukurasa? Julai 1905 watu wa Nandete waling'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Agosti 4 Kinjeketile akanyongwa Mohoro. Vita ikaendelea bila yeye hadi 1907. Hiyo unaiita kukimbia na mabua?

Na kama unapenda ujasusi, soma njwiywila. Ndiyo habari iliyopita mdomo kwa sikio, kijiji kwa kijiji, miezi kabla ya pamba kung'olewa. Akida yupo, jumbe yupo, askari wa Mjerumani yupo, na mwaliko unapita. Vijana wa Norwe walifunzwa na Waingereza, wakashushwa na ndege, wakapewa redio ya kuuliza London. Babu zangu wangemuuliza nani?

Kipara Ngoto:
Dada, punguza moto. Swali dogo tu: maji yalizuia risasi au hayakuzuia?

Binti Matumbi:
Hayakuzuia. Yaliwaweka pamoja watu wa makabila zaidi ya ishirini ambao jana yake walikuwa wakiibiana mbuzi. Wewe umewahi kuwaunganisha watu wangapi, ukiacha kundi la WhatsApp la harusi?

Jamaa wa Eastleigh:
Hapo nimeanguka na kiti.

Mwalimu Mstaafu:
Nisahihishe kitu. Mjerumani wa Maji Maji ni wa Kaiser, si wa Hitler. "Yule yule" si sahihi.

Binti Matumbi:
Mwalimu, kwa aliyechomewa ghala hiyo tofauti ni ya mtihani wa kidato cha nne. Gavana von Götzen aliacha mashamba na vyakula viteketezwe ili njaa imalize kazi. Wajerumani wenyewe walikiri watu 75,000, na wanahistoria waliokuja baadaye wanafika 250,000 na zaidi. Kipara atuambie hao nao ni hesabu ya muuza karanga.

Mngoni wa Songea:
Nakazia. Na mjue Vemork ililipuliwa usiku wa tarehe 27 kuamkia 28 Februari. Sisi Songea Februari 27 ndiyo siku ya kuwakumbuka mashujaa walionyongwa 1906, walizikwa 66 kaburi moja na mmoja peke yake. Nduna (jemadari) Songea Mbano hadi leo familia inadai kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Filamu yake iko wapi?

Kipara Ngoto:
Si mtengeneze! Nani kawakataza? Wanorwe nao walitengeneza yao 1948, na baadhi ya waliolipua kiwanda wakaigiza nafasi zao wenyewe. Hawakusubiri Kirk Douglas.

Mngoni wa Songea:
Wa kwetu wangeigiza vipi nafasi zao, na waliwekwa kaburi moja?

Mwana Katanga:
Bandugu, hamjambo. Miye niko Lubumbashi. Munabishana maji, maji, maji. Maji mazito peke yake haifanye bomu, ni ya kupunguza kasi ya nyutroni, zile chembe zinazopasua atomu. Jiwe lenyewe, uranium, lilitoka wapi? Shinkolobwe, kwetu Katanga! Mu 1940 Mjerumani aliingia Ubelgiji akakuta akiba kubwa ya kampuni ya madini ya huku, akabeba. Na Mmarekani alipata yake huku huku. Tani karibu 1,200 zilikuwa zimekwisha fika New York mbele ya yeye kuomba. Ile ya Hiroshima, sehemu kubwa ni jasho la batata betu, baba zetu. Sasa mu filamu hiyo, kuna hata muntu mumoja mweusi anapita na koleo?

Mpenda Sinema:
Hakuna. Kuna theluji tu.

Mwana Katanga:
Eeh. Nilijua.

Mpenda Sinema:
Wakuu, nawashukuru, lakini mimi niliuliza habari ya kivuko. Hata mwaka 2004 watafiti walitoa pipa moja kwenye ziwa, wakapima, likawa na maji mazito kweli. Kwa hiyo hawakuzamisha mapipa ya bure.

Mtoto wa Ziwa:
Ila Mjerumani mwenyewe alikuwa mbali na bomu. Mwaka 1942 wakubwa wao walishaona halitawahi vita. Walio Rjukan hawakujua, sawa, siwalaumu kwa hilo. Nawauliza wanaoshangilia leo, ambao wanajua.

Mwalimu Mstaafu:
Mtu huhukumiwa kwa alichokijua usiku ule, mwanangu.

Mtoto wa Ziwa:
Basi yule wa dawa ya kuharisha alijua vizuri kuliko wote.

Kipara Ngoto:
Ulitaka amwache mama yake azame ili wewe uridhike?

Jamaa wa Eastleigh:
Swali la maana: hiyo sehemu ya mama iko kwa filamu? DJ aliiruka ama haikuwepo?

Binti Matumbi:
Kipara, usijifiche nyuma ya mama wa watu. Bado nakusubiri kwenye mabua ya mtama.