Naombeni ushauri: kusawazisha uwanja wa kusimamisha bwawa la kuogelea

Mtulivu: Habari zenu wakuu. Nina bwawa lile la kusimamisha juu ya ardhi, la duara, upana mita 4.5, kina cha maji mita 1. Uwanja una mteremko wa sm 12 toka upande mmoja hadi wa pili. Je, mchanga unatosha kusawazisha? Watoto wananidai kila asubuhi na mimi usingizi sipati.

Mama Pacha: Kabla ya mchanga, uzio umeuwaza? Mtoto hazami kwa maji mengi tu. Na ngazi iondolewe kila mkimaliza kuogelea. Wangu alinichomoka nikianua nguo, tangu siku hiyo hata ndoo siiachi na maji.

Fundi Timazi: Mchanga si wa kusawazishia, mdogo wangu. Huo ni tandiko, sm 5 zinatosha. Mteremko unauondoa kwa kuchimba upande wa juu ushuke ulingane na wa chini. Usijaze upande wa chini! Bwawa hilo likijaa ni tani 16 hivi, udongo wa kujaza utadidimia. Ng'oa nyasi na mizizi, vikiozea chini vinaacha mashimo. Piga kigingi katikati, zungusha ubao ulionyooka wenye pima maji juu yake, na kila kiputo kinapohama, kwangua. Nyunyiza maji, shindilia, pima tena. Umeshaanza chochote?

Mtulivu: Ahsante fundi. Ila kuchimba ni kazi nzito. Si afadhali kujaza na kushindilia vizuri?

Babu Kasia: Sisi tulijifunza mtoni, bwawa lilikuja limeshasawazishwa na Mungu.

Fundi Timazi: Nimekuuliza, umeshaanza?

Mtulivu: Upande wa chini nimeshajaza udongo, nikaushindilia kwa miguu. Bwawa limesimama, lina maji nusu. Lakini halijavuja popote! Nguzo mbili tu ndizo zimeinama kidogo. Nilitaka nisukumie mchanga chini yake.

Jicho Kali: Hii chai. Mwanzo kauliza kama mtu ambaye hata boksi hajafungua, sasa limejaa nusu na nguzo zimeinama? Picha iko wapi?

Mama Pacha: Iwe chai isiwe chai, ukuta ukiachia na mtoto kasimama pale, itakuwaje?

Fundi Timazi: Tusibishane. Mtulivu, chukua futi kamba, pima toka ukingo hadi usawa wa maji, pande zote mbili. Tofauti ikizidi sm 2.5, hapo hapafai.

Mtulivu: Upande wa juu sm 72, wa chini sm 65. Kwenye ule udongo kitako cha nguzo kimezama hakionekani. Picha siweki, watoto wanaonekana. Nikisubiri mwisho wa wiki kuna ubaya?

Jicho Kali: Vipimo vinaendana na maelezo. Nimekuelewa, ndugu.

Fundi Timazi: Leo hii, na watoto wakae mbali. Mpira wa kutolea maji upeleke mbali na nguzo zilizoinama, udongo ukilowa zitazama zaidi. Kisha livue lote, zoa udongo uliojaza, ndipo uchimbe upande wa juu. Chini ya kila nguzo zika kigae cha zege, uso wake ulingane na ardhi.

Mtulivu: Maji yameanza kutoka. Vigae viwekwe kabla ya mchanga au baada?

Fundi Timazi: Kabla. Na ukivipima, pima kimoja hadi kingine, mzunguko mzima.